Kupika Ukuta

Ndugu wawili wakishindwa kukaa uwanja mmoja, lazima atafutwe mtu wa kuwachorea mpaka, na katika familia hii mtu huyo alikuwa kama amezaliwa kwa kazi hiyo. Dada yao walimwita Rula. Jina alilipata utotoni, kwa sababu kila safari na kila mlo alikalishwa katikati, kaka yake huku, mdogo wake kule, ili wasitiane makonde. Alikaa wima, hakuegemea popote. Alipokuja kusomea kuchora ramani za majengo kwa kompyuta hakuna aliyeshangaa, na mama yao alisema tu kwamba afadhali sasa atakuwa na cheti chake.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo siku nzima mtu alifanya kazi huku anavuta thina bila kutaka. Kulikuwa na meza mbili na feni moja yenye tabia ya kugeuza shingo kila upande isipokuwa upande wa Rula. Meza ya pili ilikuwa ya Msanifu, mwenye ofisi, bwana mmoja mpole aliyeongea na wateja kwa simu kama anawabembeleza walale.

Sasa kazi yenyewe. Ramani ya nyumba, kama hujawahi kuitazama kwa makini, ni kitu kilicholala chali. Ukuta ni mistari miwili. Mlango ni robo duara. Mti ni kiduara chenye miiba, utadhani mdudu aliyekanyagwa. Mteja huiangalia, huguna kama mtu aliyeelewa, husaini, halafu nyumba ikishasimama ndipo anauliza choo kimefikaje mbele ya sebule. Rula kazi yake ilikuwa kuichukua ramani hiyo iliyolala na kuisimamisha. Aliinua kuta, akazivisha plasta na rangi, akaweka jua la mwezi fulani saa fulani, akachagua mahali pa kuliweka jicho la mtazamaji, kisha akaiachia mashine ihesabu mwanga na vivuli mpaka itoke picha ambayo ungeapa mtu alikwenda pale na kamera. Ofisini waliiita kazi hiyo kupika. Picha ikiwa motoni kompyuta ilinguruma na kupata joto, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Msanifu alikuwa na imani moja, nayo ilikuwa uchafu. Picha safi mno, alisema, inanuka uongo. Weka doa chini ya bomba, chubua kona ya ukuta pale baiskeli inapopita, pindua kandambili moja mlangoni. Kwa uchafu Rula alikuwa hashikiki. Aliwahi kumpikia mteja mmoja nyumba yenye michirizi ya mvua chini ya madirisha, na yule bwana akapiga simu kulalamika kwamba nyumba haijajengwa bado na tayari imechakaa. Michirizi ikafutwa. Kesho yake akapiga tena, safari hii kwa unyonge, akasema sasa haifanani na nyumba yake.

Halafu kuna watu. Picha isiyo na mtu hutisha, inakuwa kama nyumba iliyokimbiwa, basi programu huja na watu wake tayari, wamekatwa vizuri, unawachukua na kuwapachika. Shida ni kwamba ni walewale. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mkoba mwekundu ambaye Rula alishamsimamisha mbele ya zahanati, mbele ya banda la kuku na mbele ya kituo cha mafuta, tabasamu lilelile, hajawahi kununua kitu wala kutibiwa. Ofisini walimwita Mama Mkoba, na siku nyingine Msanifu alimsalimia.

Haya, turudi kwa wale ndugu. Baba yao alipofariki aliacha kiwanja chenye nyumba kubwa, na humo akakaa Kaka Mkubwa, wakala wa bima, mtu ambaye hata akikuomba chumvi atakueleza masharti. Ng'ambo ya uwanja mdogo wao alijenga nyumba yake. Huyo alikuwa fundi wa friji, na kwa kuwa ndiye kitinda mimba waliendelea kumwita Kitinda hata baada ya kuota kitambi. Mwisho wa uwanja, nyuma kabisa, kulikuwa na vyumba viwili vya uani, na huko ndiko alikokaa mama yao. Alihamia mwenyewe baada ya msiba, akisema wajukuu wanahitaji nafasi katika nyumba kubwa na yeye anahitaji kulala bila kelele za televisheni.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye tangi la maji, na hata ukiusikiliza mara kumi hutauelewa. Tangi la Kitinda lilikuwa likifurika, maji yakaenda kwa Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa akasema neno. Wake zao wakaingilia, kamba ya kuanikia nguo ikahamishwa, ikarudishwa, ikakatwa. Ikafika mahali ndugu wa tumbo moja hawaivi chungu kimoja. Salamu zikawa zinapitia kwa watoto, na watoto, wakijua faida yake, wakaanza kuzibadilisha njiani. Mwishowe ndugu wale wakaelewana kitu kimoja: ukuta upite katikati ya uwanja, kutoka barabarani mpaka nyuma, na kila mtu awe na geti lake. Rula achore, kwa kuwa yeye hana upande.

Akachora. Alichora kama anavyochora kazi za watu wote, kwa umakini na bila kufikiria sana. Mstari wa katikati, alipoufuatisha mpaka nyuma, uliangukia kwenye vile vyumba vya uani. Katika ramani kitu cha kubomolewa huchorwa kwa mistari iliyokatikakatika, basi akavikatakata. Ndugu wote wawili walisaini. Hata mama alipelekewa ile karatasi pale alipokaa uwanjani. Aliomba waigeuze ikae sawa, akasifia usafi wa kazi ya binti yake, akawarudishia. Kwenye karatasi vyumba vyake vilikuwa vidoti tu.

Fundi muashi aliambiwa aanze Jumatatu. Wiki ile kabla hajaanza, Kaka Mkubwa akapanda ngazi za ofisi kwa Rula, akajifuta jasho, akasema kwamba saini ameweka lakini moyo wake umesita, maana mistari ile haoni urefu wake wala haoni kama haimegi upande wake. Alitaka kuuona ukuta umesimama, kama kweli. Mchana wa siku hiyohiyo akaja Kitinda, akafunga mlango nyuma yake, akanong'ona ombi lilelile na kusema Kaka asijue. Rula aliwaambia wote wawili kwamba sawa, na moyoni akasema watapata picha moja.

Kaka Mkubwa alipoonyeshwa mfano wa picha, akamwona Mama Mkoba amesimama mbele ya baraza lake, akamkataa hapohapo. Mke wake akimwona mwanamke huyo, alisema, huo ukuta utajengwa ndani ya nyumba. Watu wawe wa familia, ili kila mtu aone maisha yatakavyokuwa. Rula akaona ni wazo zuri, kwa kuwa alishachoka na watu wa programu. Akawauliza kila mmoja anataka nani upande wake. Kaka Mkubwa akataja mkewe, watoto wake, na gari, liwe limeoshwa. Kitinda akataja mkewe, mtoto, mbwa, na tangi lionekane vizuri, maana ndilo lililomtoa jasho.

Rula alisubiri waendelee. Hawakuendelea.

Akampigia kaka yake simu, akamuuliza kwa utaratibu, na mama je. Kaka Mkubwa akashangaa swali. Mama si atakuwa kwa Kitinda, alisema, unajua jinsi mama na mtoto wa mwisho walivyo, ukimtenganisha naye utamuumiza. Rula akampigia Kitinda. Kitinda naye akashangaa. Mama si atakuwa kwa Kaka, ile nyumba si ya baba, nani atathubutu kumtoa mama kwenye nyumba ya mumewe. Wote wawili walisema kwa upendo kabisa. Wote wawili wakamsalimia mama kupitia simu ya dada yao, ingawa mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye milango yao.

Rula akaweka simu mezani. Alifungua ramani akaviangalia vile vidoti. Ni mkono wake uliokwenda pale na kukata, kipande baada ya kipande, huku akiwaza chakula cha mchana. Jumatatu ukuta ungeanza na vyumba vya uani vingeanguka, na mama mwenye wana wawili wenye nyumba zao angebaki hana pa kulala. Angeweza kumchukua yeye. Lakini alikuwa amepanga chumba kimoja, kitanda na jiko la gesi vinatazamana, na aibu yake ingekuwa ya mama: mtaa mzima ungesema wanawe wamemshinda. Rula hakutaka hilo. Alitaka kitu kidogo sana, sentensi moja tu kutoka kwa mmojawapo, kwamba mama atakaa kwangu.

Angeweza kuwaambia. Mtu mwingine angewaambia, tena kwa matusi. Lakini alijua akimwambia Kaka mchukue mama, Kaka atasema umeshakuwa wa Kitinda, na akimwambia Kitinda, hivyohivyo. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa katikati, na katikati hapana mdomo. Akaamua picha ndiyo iseme. Atamweka mama pale anapokaa kila siku, na wakimwona, watajua la kufanya.

Akaenda nyumbani na kamera na futi. Alipiga picha watoto, mawifi zake, gari, mbwa, tangi. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki cha bluu katikati ya uwanja, mahali palepale pa siku zote, na alipoambiwa anapigwa picha akaomba kwanza abadilishe mtandio. Rula akapima kutoka kiti kile mpaka mlango wa Kaka, kisha mpaka mlango wa Kitinda. Vipimo vilikuwa sawasawa. Akapima tena, maana haikuwa kawaida, na mama akamuuliza anatafuta nini.

"Mbona umekaa katikati hivi, kama umepimiwa?"

"Hapa nasikia kote," mama alisema. "Mtoto wa huku akilia nasikia, wa kule akikohoa nasikia. Nikisogea kidogo tu, upande mmoja unapotea."

Alisema hivyo huku anajifunga mtandio, kama mtu anayeeleza mahali pa kutegea redio.

Ofisini Rula alifanya kazi kwa roho yake yote. Jua aliliweka la saa kumi jioni. Uchafu wa uwanja ule hakuhitaji kuubuni, aliujua kama anavyoujua uso wake: mfereji mdogo uliochimbwa na maji ya tangi, sakafu ya baraza iliyolika pale baba yao alipokuwa anaegesha pikipiki, ukingo wa mlango wa Kitinda wenye weusi wa mikono ya mtoto. Ili mashine isielemewe, aliuzima ukuta kwa muda usionekane kwenye kioo, kama wachoraji wafanyavyo wote, akawapanga watu mmoja mmoja kwa vipimo vya futi. Mama akaingia mahali pake. Halafu akauwasha ukuta, akachagua kuitazama picha kutoka barabarani, juu kidogo, ili pande zote mbili zionekane, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Aliporudi picha ilikuwa imeiva. Ilikuwa nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Ukuta ulisimama na mkanda wa saruji juu, kivuli chake kimelala upande wa Kitinda. Na kutoka kwenye ukuta, upande wa Kaka Mkubwa, ulitokeza mkono wa kulia wa mama, umelazwa juu ya goti lake. Upande wa Kitinda ulitokeza mkono wa kushoto na nusu ya kiti cha bluu. Sehemu iliyobaki ya mama, na uso wake, ilikuwa ndani ya tofali.

Rula alikaa. Aliangalia muda mrefu. Ukuta ulipita katikati ya uwanja, na mama alikaa katikati ya uwanja, na mashine haina habari na mtu. Ukiipa vitu viwili mahali pamoja itavipika vyote viwili. Msanifu alikuja akasimama nyuma yake na kikombe chake. Akasema kitaalamu huo ni mgongano, kwamba utatuzi wake ni rahisi, ama unasogeza mtu ama unasogeza ukuta. Kisha akausifia ule mfereji wa maji, akasema ule mfereji una maisha.

Kosa kama hilo Rula alikuwa halilazi hata saa moja bila kulirekebisha. Hili aliliacha. Alijiambia kwamba hakuna mtu mwenye macho atakayeona mikono ile asiseme kitu.

Jumapili mchana aliwaita ofisini, mchana mweupe, duka la rangi limefungwa na harufu imepungua. Kaka Mkubwa na Kitinda walipanda ngazi kila mmoja kivyake, mmoja akimwacha mwenzake atangulie, ikachukua muda kwa kuwa wote wawili walikuwa wakiacha. Mama alikuwa nyuma, alikuwa akipumzika kwenye kila kituo cha ngazi, akakataa kushikwa mkono. Rula hakumsubiri. Alitaka ndugu zake waione kwanza picha peke yao, ili yeyote atakayesema neno jema alitoe moyoni bila kusukumwa na aibu.

Kila mmoja alijitafuta yeye na vyake. Kaka Mkubwa aliridhika na gari. Kitinda aliridhika na tangi, ila akauliza kwa nini jua lote lipo kwa Kaka, na Rula akamweleza kwamba jua la saa kumi hutoka upande ule, hakulipanga yeye. Kitinda akasema sawa, ila hata jua nalo. Kaka Mkubwa akasema jua haliko kwenye makubaliano. Ikawa wameongea moja kwa moja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na Rula akapata matumaini.

Halafu Kitinda akasogeza uso karibu na kioo.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa Mama," Rula alisema.

"Na huu wa upande wa Kaka?"

"Wa Mama pia."

Feni ikageuka, ikarudi. Sasa ndipo, Rula aliwaza. Mtu mmoja tu aseme.

"Msogeze," Kaka Mkubwa alisema.

"Nimsogeze upande gani?"

Kaka Mkubwa akakohoa kidogo. Akasema kwa Kitinda pana nafasi nzuri pale karibu na tangi, pana ubaridi. Kitinda akasema la, asimnyime Kaka heshima hiyo, kwa Kaka ndiko kwenye baraza pana, na mama anapenda baraza. Rula akamshika mama kwa mshale wa kompyuta, akamsogeza kwa Kaka Mkubwa. Kiti kikatua juu ya boneti ya gari. Kaka Mkubwa akatazama, akauliza kwa sauti ya kazini gari likisogezwa litapita wapi. Rula akamchukua mama akampeleka kwa Kitinda. Pale alikalia mkia wa mbwa, na kivuli cha ukuta kilimfunika mpaka miguuni, na Kitinda mwenyewe akasema unaona, huku mama atapigwa na baridi, huku si kwema kwa magoti yake. Akasema kwa huruma ya kweli, akamrudisha mkononi mwa dada yake.

Hakuna aliyesema hamtaki. Hilo ndilo lililomchosha Rula kuliko yote. Mtu akikwambia simtaki, angalau unajua pa kurusha kiatu. Hawa walikuwa wanapeana mama yao kama watu wanaogombea kulipa nauli ya mwenzao, wewe kwanza, hapana wewe, na kila mmoja akijiona muungwana. Akamrudisha mama pale alipokuwa, mkono huku, mkono kule, akauondoa mkono wake kwenye mashine.

Mama akaingia. Akavuta pumzi, akaomba kiti, akapewa cha Msanifu. Alifuta miwani yake kwa ncha ya mtandio, akaangalia picha kuanzia pembeni kuja katikati, kwa mpangilio, akitaja watu. Huyu mkwe wangu. Huyu mjukuu, mbona kavaa soksi moja. Mbwa naye yupo. Akafika kwenye mikono. Akainua mkono wake mwenyewe akaulinganisha.

"Hii mikono yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na uso?"

"Uko ndani ya ukuta."

"Ah," mama alisema, kama ameambiwa ufunguo uko mezani.

Kaka Mkubwa na Kitinda wakaanza kuongea kwa pamoja. Ni picha tu, Mama. Ni mashine, bado inarekebishwa, kila kitu kitapangwa. Mama akawaacha mpaka wakaishiwa. Hakuwatazama kwa ubaya, na Rula aliona kwamba alikuwa amejua. Huenda alijua tangu siku ile walipomletea karatasi akaomba waigeuze. Kisha akamgeukia binti yake.

"Watu wote wapo," alisema. "Wewe umejiweka wapi?"

Rula alikuwa hajawaza. Aliitazama picha kana kwamba angeweza kujisahau humo mahali.

"Mimi simo, Mama. Mimi ndiye ninayetazama."

"Umesimama wapi ukitazama?"

"Hapa nje. Barabarani, juu kidogo."

"Basi niweke hapo."

Rula alisubiri tena, safari hii bila kujificha, aliwageukia ndugu zake mmoja baada ya mwingine akawakazia macho. Kaka Mkubwa alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imesimama. Kitinda alikuwa anaisoma nembo ya feni. Basi Rula akambofya mama kwenye kioo, akabonyeza futa. Mama akatoka, na kiti chake, na kivuli chake kikaondoka naye. Ukuta ulibaki umenyooka kutoka barabarani mpaka nyuma, hauna kasoro.

Aliipika upya kwa haraka, picha ndogo, wote wakisubiri na mashine ikinguruma. Ilipotoka, Kaka Mkubwa akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Sasa imekaa kama kweli."

"Hapo sawa," Kitinda alisema. "Sina neno."

Wakapeana mikono. Kwa kweli walipeana mikono, tena kwa nguvu, na Kitinda akasema ukuta ukishaisha atakuja kuliangalia friji la Kaka, lile linalolia. Kaka Mkubwa akamwambia Rula kwamba mama kukaa naye, kwenye chumba chake, ni kwa muda tu, mpaka mambo yakae vizuri. Kwa muda tu, Kitinda akaitikia. Rula aliwachukia wakati ule kwa chuki safi kabisa. Aliwapenda pia, na hilo ndilo lililomtia uchungu, maana angekuwa hawapendi angewatupia kibodi na kwenda zake. Akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwao, kwamba mama hahami kwa muda, anahama, na leo jioni waje wote wawili wabebe kitanda chake, mmoja huku mmoja kule. Wakasema sawa. Walionekana kufurahi kupewa kazi.

Wakashuka. Mama aliinua kidole, akamwashiria binti yake anyamaze, akasikiliza viatu vyao kwenye ngazi mpaka vikafika chini, na sauti zao, mmoja akieleza masharti, mwingine akicheka.

"Umesikia?" alisema. "Wanashuka pamoja."

Machozi yalikuwa yameshamfika Rula na aliona haya kulia ofisini, akajifanya anazima mashine. Mama akamwacha azime. Akavua miwani, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, kisha akauliza habari za hicho chumba, maana katika miaka yote hiyo binti ndiye aliyekuwa akija nyumbani na yeye hakuwahi kukanyaga. Rula akamwambia ni kidogo. Akamwambia watabanana.

"Kina dirisha?"

"Kinalo moja."

"Linatazama wapi?"

Rula akasita. Angeweza kudanganya, kazi yake ilikuwa kuvifanya vitu vionekane vizuri.

"Linatazama ukuta, Mama. Ukuta wa jirani."

Mama akafikiri kidogo, akashika ukingo wa meza, akajiinua.

"Ukuta wa jirani hauna neno," alisema. "Twende."